Vipokezi vya X10 vinasikia siku ya gurupe tu: nitupe au nitengeneze?

Swali: Jambo, papa fundi. Tunaishi Bel-Air hapa Lubumbashi, katika nyumba aliyotuachia baba mkubwa. Aliporudi kutoka Ubelgiji mwaka 1999 alileta sanduku la vifaa vya X10, vya kuwasha na kuzima taa ukiwa mbali, vile vijisanduku vyeupe vya kuchomeka ukutani, vyenye viduara viwili vya kuzungusha, kimoja cha herufi na kingine cha namba. Vimebaki tisa. Zamani alikuwa anabonyeza kitufe akiwa kitandani, taa ya barazani inazima. Sasa vya sebuleni havisikii kabisa, ila tukiwasha gurupe, yaani jenereta, vinasikia vizuri. Vya vyumba vya kulala vilinyamaza tangu tulipofunga inverta na betri. Taa ya nje inajiwasha yenyewe usiku wa manane, hata sentinele (mlinzi) anasema nyumba hii ina kitu. Kimoja cha koridoni kinapata joto na kunguruma. Fundi aliyekuja alisema ni vitu vya kizamani, nitupe vyote. Nitupe?

Jibu: Jambo, mama. Usitupe kitu bado. Katika barua yako kuna neno moja ambalo fundi yule, kama alilisikia, alilipita: kwamba siku ya gurupe vya sebuleni vinasikia. Kifaa kilichokufa hakifufuki kwa sababu mmechoma mazutu ya gurupe. Hivyo vya sebuleni ni vizima. Kilichokatika ni njia ya kuvifikia, na njia hiyo naweza kukuonyesha ilipokatikia bila hata kufika kwako. Lakini nivumilie kwanza nieleze vinavyosemezana, maana shida zako nne zina sababu nne tofauti, na ukizichanganya utahangaika mwaka mzima.

X10 ilibuniwa mwaka 1975 na kampuni ya Pico Electronics ya mji wa Glenrothes, Scotland. Walikuwa wanazipa kazi zao namba, nyingi za mwanzo zikiwa chipu za mashine za kukokotoa, na hii ilikuwa ya kumi. Jina limetoka hapo. Madukani Marekani ilifika mwaka 1978. Wazo lao lilikuwa la watu wenye kubana matumizi: kwa kuwa kila chumba tayari kina waya wa umeme, ujumbe upande juu ya waya huohuo. Umeme wa hapa, kama ule wa Ubelgiji, unazunguka mara 50 kwa sekunde, na katika kila mzunguko unapita kwenye sifuri mara mbili. Pale penye sifuri pametulia kidogo. Hapo ndipo kitumaji, kile chenye vitufe vya kubonyeza, kinapopenyeza mlio mwembamba wa kilohezi 120, wenye urefu wa milisekunde moja tu. Mlio ukiwepo, kisha ukakosekana kwenye sifuri inayofuata, kipokezi, yaani kile kijisanduku cha ukutani, kinaandika 1. Ukikosekana kwanza ndipo ukaja, kinaandika 0. Hivyo ndivyo herufi ya nyumba, kuanzia A hadi P, na namba ya kifaa, 1 hadi 16, zinavyosafiri. Anwani inasemwa mara mbili, amri nayo mara mbili, na yote pamoja inakula mizunguko 47. Kwa hezi 50 hiyo ni karibu sekunde nzima. Kwa hiyo taa ikichelewa kidogo baada ya kubonyeza, usiihesabu kuwa ugonjwa. Ilikuwa hivyo tangu siku ya kwanza.

Shikilia mambo mawili. La kwanza, vipokezi vya kawaida vya aina hii havijibu. Kitumaji kinapiga kelele yake na kunyamaza, bila kujua kama kuna aliyesikia. La pili, mlio wenyewe ni mdogo. Unatoka ukiwa volti chache, juu ya waya wenye volti 220, na njiani unazidi kupungua. Chochote kinachoumeza, au kinachopiga kelele kuuzidi, kinakuachia nyumba ya viziwi.

Basi anza mezani. Chukua ralonji ya kawaida kabisa (waya wa kurefushia umeme), isiyo na parafudre (kinga ya radi) wala kitaa cha kuonyesha kwamba umeme umefika. Ichomeke kwenye soketi inayopata umeme wa mji moja kwa moja, mbali na ule wa inverta. Kitumaji kiweke hapo, na ubavuni pake chomeka kipokezi kimoja kimoja kwa zamu. Mzigo uwe ampuli ya zamani, ile yenye waya unaowaka ndani, ya wati 60 au 100. Najua zimekuwa adimu. Tafuta sokoni au kwenye stoo ya jirani, kwa sababu ukijaribu na ampuli ya LED majibu yatakudanganya. Zungusha viduara vya kila kipokezi huku na huku mara kumi kabla ya kuviweka kwenye herufi na namba yako. Vumbi na kutu ya miaka ishirini na kitu hukaa kwenye miguso ya ndani, na nimeona vifaa "vilivyokufa" vikiamka kwa kuzungushwa tu. Kinachosikia hapo mezani ni kizima, hata kama chumbani kilikuwa kiziwi. Kisichosikia hapo, weka pembeni, tutakirudia.

Sasa sebule. Nyumba nyingi za zamani za Bel-Air zililetewa faze tatu, yaani waya tatu za umeme badala ya mmoja, na barua yako inanifanya niamini kuwa yenu ni mojawapo. Fungua mlango wa tablo, lile boksi la swichi za umeme, utazame tu, usiguse: swichi kuu ikiwa na ulimi mpana unaokata waya tatu au nne kwa pamoja, mnazo faze tatu. Maana yake vyumba vimegawanywa. Chumba cha baba mkubwa, kilipo kitumaji, huenda kiko faze ya kwanza, na sebule iko ya pili. Waya hizo mbili hazikutani ndani ya nyumba. Zinakutana kwenye transfoma huko mtaani, na mlio wako ili ufike sebuleni lazima utoke nje kupitia mita, uende hadi kwenye transfoma, urudi. Ukirudi umechoka kiasi cha kutosikika. Wabunifu walilifikiria jambo hili nusu: kitumaji kinarudia mlio mara tatu ili uangukie kwenye sifuri ya kila faze. Wakati umepatikana, waya haukupatikana.

Gurupe ya nyumbani kwa kawaida ni ya faze moja. Fundi anapoiingiza kwenye nyumba ya faze tatu, anafunga kibadilishi cha mkono ambacho kinakata umeme wa mji na kulisha shaba zote tatu za tablo kwa waya mmoja. Siku hiyo nyumba yako nzima inakuwa faze moja. Chumba na sebule vinakaa kwenye waya mmoja, na tena mlio hauvuji kwenda mtaani. Ndiyo maana vinasikia.

Utaniuliza: mbona wakati wa baba mkubwa vilisikia bila gurupe? Nakuuliza na mimi: jikoni kulikuwa na jiko kubwa la umeme, au mtungi mkubwa wa kuchemsha maji ya kuoga? Vyuma vya jiko la namna hiyo vikiungwa kati ya faze na faze, vinakuwa daraja. Mlio unavuka kupitia chuma cha jiko. Wamiliki wa X10 huko ng'ambo walizoea kusema taa ya ghorofani inatii wakati wa kupika tu. Hapa kwetu volti za jioni ziliposhuka, watu walirudi kwenye makala (makaa), jiko la umeme likatolewa likawa meza ya kuwekea masufuria. Pamoja nalo daraja lako likaondoka, na hakuna aliyehusisha mambo hayo mawili.

Dawa ya bure ni kuhamisha kitumaji. Zima swichi ndogo za tablo moja moja, uandike kila moja inalisha soketi zipi, kisha mwombe fundi umeme akuonyeshe ipi iko faze ipi. Kama faze ya sebule ndiyo yenye vipokezi vingi, kitumaji kikae huko. Ukiwa na vitumaji viwili, kila kimoja kwenye faze yake, na vyote vikawekwa herufi ileile, ni sawa kabisa. Havigombani mradi msibonyeze kwa pamoja.

Dawa ya kudumu ni daraja ndani ya tablo. Ulaya kulikuwa na kifaa cha kufunga kwenye reli ya tablo kiitwacho FD10, kimoja kwa kila faze, ambacho pia kinazuia mlio kutoka nje. Mwenye ndugu Brussels au Liège anaweza kumtuma akitafute kwenye vitu vya mkono wa pili. Kama hakipatikani, fundi mwenye mkono safi anaweza kuweka kapasita, kile kifaa kidogo cha kutunza chaji, ya mikrofaradi 0.1 kati ya faze mbili. Nasisitiza: iwe ya kiwango cha usalama cha X1, iliyoandikwa ubavuni volti 440 za mkondo geu au zaidi, ndani ya kasha lake, nyuma ya swichi ndogo ya tablo. Kati ya faze na faze hapa kuna volti 380, na kapasita ya redio mbovu iliyookotwa kwenye boksi la vipuri itapasuka na kuwaka moto. Kwa umeme wa kawaida kapasita hiyo ni ukuta wa omu 32,000 hivi. Kwa mlio wa kilohezi 120 ni omu 13 tu, yaani mlango wazi. Kazi hii usiifanye mwenyewe, mama, na usimpe kijana anayejifunza.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayoeleza vyumba vya kulala, ila safari hii inageuka dhidi yako. Inverta inayotoa wimbi safi ina kapasita za kulainisha umeme kwenye tundu lake la kutokea. Chukua mfano wa mikrofaradi 5: kwa mlio wa X10 hiyo ni robo ya omu na kidogo. Ni kama kumwaga ndoo ya maji kwenye mchanga. Hata televisheni yako, au kompyuta, au dekoda, kila moja ina kikapasita pale umeme unapoingia; kimoja cha mikrofaradi 0.22 ni omu 6. Vitatu vinne kwenye ralonji moja yenye parafudre, na chumba kizima kimezibwa. Mwaka 1999 baba mkubwa alikuwa na televisheni moja ya kioo kinene na taa za waya. Leo kila soketi ina chaja.

Kwa inverta sina dawa tamu. Unaweza kujaribu kuweka kitumaji upande uleule wa inverta pamoja na vipokezi, lakini kapasita ya kutokea bado inasubiri pale. Ninachowashauri watu ni kurudisha soketi za X10 kwenye umeme wa mji, na kuiacha inverta ilishe friji, televisheni, intaneti na taa chache za LED zenye swichi za ukutani. Ndiyo, wakati wa delestaji, yaani mgao wa umeme, X10 italala. Ilikuwa inalala hata enzi za baba mkubwa. Kwa televisheni na kompyuta kuna kichujio cha kuchomeka kiitwacho FM10: unakiweka kati ya soketi na ile ralonji yenye mizigo, nacho kinazuia kapasita zao zisinywe mlio. Soma ampea zilizoandikwa juu yake kabla ya kukipakia.

Kelele ni ndugu wa kumeza. Chaja za bei rahisi na baadhi ya ampuli za LED zinatema takataka kwenye waya muda wote. Zamani tulizitafuta kwa redio ndogo ya betri, mimi bado nafanya hivyo: iweke masafa ya kati, mahali pasipo na stesheni, pita nayo karibu na kila kifaa. Panapotoka mngurumo mkali, chomoa, kisha bonyeza kitufe chako cha X10 uone. Kipimo hiki si cha maabara, ila kimenionyesha chaja nyingi za kutupwa. Njia ya uhakika zaidi ni ya kuchosha: chomoa kila kitu nyumbani isipokuwa kitumaji na kipokezi kimoja. Kikisikia, rudisha vitu kimoja kimoja, ukibonyeza kila mara. Kile kitakachorudishwa na taa ikakataa, huyo ndiye mwizi.

Tuje kwa sentinele wako. Kwanza mwulize swali moja: taa ya nje inapojiwasha, je, ni dakika ileile umeme wa mji unaporudi baada ya delestaji? Nadhani atasema ndiyo. Watu wengi hufikiri ni kelele za waya zimejifanya amri. Hutokea, lakini ni nadra, kwa sababu kila alama ya anwani na amri inatumwa pamoja na kinyume chake, na kelele za ovyo haziwezi kuandika vizuri kiasi hicho. Tena kuna amri ya kuwasha taa zote, ambayo vipokezi vya taa vinaitii kwa pamoja. Kama ingekuwa hiyo, usingeona taa moja tu.

Sababu iliyo ya kawaida ni hii. Vipokezi vingi vya aina hii, hata vikiwa vimezima, vinapitisha mkondo mdogo sana kwenye mzigo ili vijue kama mtu amechezea swichi ya taa yenyewe. Ni ukarimu wa wabunifu: ukiwa karibu na taa unaizima na kuiwasha kwa swichi yake, kipokezi kinaelewa na kuwaka. Kwa ampuli ya waya mpango huo ulifanya kazi. Ampuli ya LED inaukusanya mkondo ule mdogo ndani yake, inamwaga, inakusanya tena, na kipokezi kinadhani kuna mkono kwenye swichi. Umeme ukirudi kwa kishindo, ndiyo zaidi. Kama taa hiyo pia hubaki inawaka hafifu ikiwa imezimwa, umeshapata uthibitisho. Ongeza ampuli ndogo ya waya, ya wati 7 hadi 15, sambamba na ile ya LED kwenye kipokezi hicho hicho. Inanywa mkondo ule, kipokezi kinatulia. Kwa taa ya nje ya sentinele, mimi ningerudisha ampuli ya waya tu na kumaliza.

Hapo hapo tazama kipokezi chenyewe ni cha aina gani. Vya kupunguza mwanga, kama LM12, vina triaki (swichi ya kielektroniki) ndani na vilitengenezwa kwa ampuli za waya peke yake. Mgongoni pameandikwa wati za chini na za juu. LED, neoni, feni na transfoma visiguse hapo kamwe. Vya kuwasha na kuzima tu, kama AM12, vina rilei (swichi inayovutwa na sumaku ya umeme) inayolia "tak" ukibonyeza, na ndivyo vya kutumia kwa mizigo mingine. Tofauti nyingine utakayoiona kila delestaji: vya triaki vya zamani vikikatiwa umeme vinasahau, vinarudi vikiwa vimezima, vya rilei vinabaki pale vilipoachwa.

Cha koridoni kichomoe leo. Kipokezi kinachopata joto na kunguruma hakingoji ushauri wa mtu wa mbali. Lakini niambie koridoni imelishwa na nini. Vifaa hivi havina transfoma ndani. Vinapunguza volti kwa kapasita moja ya mstatili, na kapasita hiyo imepimwa kwa wimbi laini. Inverta za bei nafuu zinazotoa wimbi la ngazi zinaisukumia mkondo mkubwa kila wimbi linaporuka, na kifaa kinaungua polepole. Kama koridoni iko kwenye inverta ya namna hiyo, vipokezi vyote vilivyo humo vitoke.

Kama iko kwenye umeme wa mji, basi kapasita imezeeka au radi ya masika imepita hapo. Kapasita za kazi hii hupoteza uwezo mwaka hadi mwaka, na kipokezi hubaki na umeme mdogo wa kujiendesha: kinasikia leo, kesho hakisikii, rilei inalia kwa uvivu. Hivi ndivyo pia nitakavyovishuku vile vitakavyokataa mezani. Fundi redio anaweza kubadilisha kapasita kwa nyingine ya thamani ileile ya kiwango cha usalama cha X2, na ni kazi ya nusu saa. Mwambie tu mambo mawili kabla hajafungua: kapasita inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa, na ubao mzima ndani uko moja kwa moja kwenye volti za ukutani, kwa hiyo asiupime ukiwa umechomekwa huku mkono mwingine umeshika chuma cha dirisha. Kama ubao una doa jeusi la kuungua, hicho ndicho cha kutupa.

Ukimaliza meza, niandikie vingapi kati ya tisa vimesikia, swichi kuu ya tablo inakata waya ngapi, na ubavuni mwa inverta wameandika nini kuhusu wimbi lake. Na jibu la sentinele.